Mdogo wangu anacheza mpira ila mwili haukui, nimemkuta anameza vidonge vya kunenepa

BARUA

Shikamoo mama. Naomba unisaidie maana hapa nilipo sijui nianzie wapi. Mimi ni dada wa miaka 27, naishi Mwanza, nauza chakula karibu na stendi, wazazi wetu wako Ukerewe. Mdogo wetu wa mwisho nakaa naye mimi tangu alipomaliza darasa la saba kwa ajili ya shule, sasa hivi yuko kidato cha pili, mwezi wa 11 uliopita alitimiza miaka 14.

Huyu mtoto mpira ndio kila kitu kwake. Akiwa darasa la saba walimchagua timu ya wilaya ya UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, anacheza namba 10, watu wazima walikuwa wanasimama kumwangalia. Alivyokuja huku tukampeleka kwenye kituo kimoja cha vijana, mwanzoni alikuwa anaanza kila mechi. Sasa tangu mwaka jana wenzake wamebadilika mama, yaani wale wale aliokuwa anawapiga chenga wamekuwa majitu, wana vindevu, sauti nzito, wakimgusa tu anaruka huko. Yeye sauti bado ya kitoto, mwili ule ule. Kocha amemwambia mbele ya wenzake akaongeze mwili kwanza ndio arudi kuomba namba, mpira wa sasa ni mwili. Tangu hapo ni benchi tu.

Juzi nafua nguo zake nikakuta karatasi ya vidonge haina boksi wala maelezo, nusu vimeshaliwa. Nimembana akasema ni vya kuongeza mwili, kuna kijana anawauzia na wengi pale wanatumia, yeye kaanza kabla ya sikukuu sasa ni zaidi ya mwezi. Kweli nilikuwa naona uso umejaa, anakula kama hajala wiki nzima, mwalimu akanipigia simu kwamba analala darasani, mimi nikajua ndio anakua. Mwanzo wa muhula alikuwa na kilo 39 sasa ana 42, urefu nimempima duka la dawa ni sentimita 151. Nyuma ya nyumba ametengeneza vyuma vya makopo ya zege ananyanyua usiku. Baba anasema tusiwe na haraka, hata yeye alirefuka ameshamaliza shule anavua, ila huyu mtoto haniskii wala hamsikii baba. Rafiki yake mmoja mkubwa mkubwa naye analia goti kila siku ila anapangwa hivyo hivyo.

Na hapo hapo kuna binti wa mama mdogo, ana 13, naye nakaa naye, anacheza timu ya wasichana ya shule. Yeye ni kinyume, alikuwa anakimbia balaa, sasa ameota maziwa, mapaja na nyonga zimejaa, hedhi ilianza juzi juzi, anasema amekuwa mzito na kuna mtu pale timu kamwambia aache kula usiku. Sasa chakula cha usiku anamwachia kaka yake, huyu hataki mwili, yule anautafuta kwa vidonge, na mimi ndio mpishi. Niwafanyeje hawa watoto?

Dada wa Mwanza

JIBU

Marahaba mwanangu. Mengine yote tutayafikia, ila tuanze na hivyo vidonge maana haviwezi kusubiri.

Kwa dalili ulizotaja, uso kujaa, njaa isiyoisha, usingizi darasani, wasiwasi wangu ni kwamba anameza dawa mbili ambazo zinazunguka sana mitaani kwa jina la dawa za kunenepa, deksamethazoni na siproheptadini, na mara nyingi muuzaji anampa mtu zote mbili pamoja. Siproheptadini ni dawa ya aleji, inaleta usingizi na inaamsha hamu ya kula. Deksamethazoni ndio inayonitisha. Ni dawa ya maana sana ikiwa mikononi mwa daktari, ila mtoto akiimeza kila siku kienyeji inamjaza maji na mafuta usoni na tumboni, inapandisha sukari na presha, inashusha kinga ya mwili, na kwa mtoto ambaye bado anakua inapunguza kasi ya kurefuka. Umeelewa hapo? Anameza dawa ili awe mkubwa na dawa yenyewe inamzuia asirefuke. Alafu wengi wakisikia deksamethazoni ni steroidi wanadhani ni zile za kujenga misuli, hapana, hii ni kundi lingine kabisa, hii ikitumika muda mrefu inadhoofisha misuli hasa ya mapaja, yaani hapo hapo anapopategemea kupiga shuti na kukimbia. Hizo kilo tatu ulizoziona kwenye mzani usizifurahie, sehemu kubwa itakuwa maji na mafuta. Na kama ana ndoto za kucheza mbali ajue pia dawa za kundi hilo za kumeza zimepigwa marufuku siku za mashindano kwa sheria za kuzuia dawa michezoni.

Sasa sikiliza vizuri, usimnyang'anye ukatupa chooni ukasema basi yameisha. Akiwa ameshazimeza zaidi ya mwezi mwili wake unaweza kuwa umeacha kutengeneza homoni yake yenyewe ya kotisoli, na akikata ghafla anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha kushuka, hata kuzimia. Kwa hiyo kesho asubuhi biashara mwachie mtu, chukua hiyo karatasi kama ilivyo, mchukue na mtoto, muende hospitali, umwambie daktari alianza lini na anameza vingapi kwa siku, daktari ndio atajua kama ni kuacha au kupunguza kidogo kidogo. Kama leo usiku ataanza kutapika, kulegea au kupata homa kali usisubiri kukuche. Na usimgombeze njiani, maana akificha idadi aliyomeza ndio hatari yenyewe.

Haya, tuje kwenye mwili wenyewe, kwa sababu nadhani nyumbani kwako hakuna aliyewahi kumwelezea huyu mtoto nini kinatokea, na hicho kituo nacho kimeshindwa.

Kabla ya kubalehe mtoto anarefuka kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka, taratibu, huoni. Alafu kinakuja kipindi anapaa. Kwa wavulana kasi kubwa kabisa inatokea kwa wastani kwenye miaka 13 na nusu mpaka 14, na mwaka huo peke yake mtoto anaweza kuongeza sentimita 9 au 10. Wasichana wanatangulia kama miaka miwili, wao ni kwenye 12 hivi na kasi yao ni ndogo kidogo. Ila huo ni wastani tu mwanangu, mwingine anapaa na miaka 12, mwingine anafikisha 15 na zaidi ndio anaanza, na wote wawili ni wazima. Wataalamu wakipima mifupa ya watoto wa umri mmoja kwenye timu moja wanakuta tofauti ya mpaka miaka 4 au 5, maana yake mmoja ana miaka 14 kwenye cheti lakini mifupa yake ni ya 16, mwingine cheti kile kile cha 14 na mifupa ya 12. Ukiwaweka hao wawili wagombee mpira wa juu unategemea nini?

Na mwili haukui wote kwa mpigo. Nyayo na viganja ndio vinatangulia, viatu vinabana kila baada ya miezi, miguu inarefuka, kiwiliwili kinafuata baadaye, mabega yanapanuka, na misuli yenyewe inakuja kujaa mwishoni, nguvu inaongezeka kwa kasi kama nusu mwaka mpaka mwaka mzima baada ya ule mwaka wa kurefuka sana. Ndio maana unakuta kijana amerefuka ghafla yuko kimbaumbau, anajikwaa, pasi hazifiki, kocha anasema ameshuka kiwango, wakati ni mtu aliyepewa baiskeli ya mtu mzima leo na jana alikuwa anaendesha ya mtoto. Anahitaji miezi aizoee. Hilo likimkuta mdogo wako, na litamkuta, mwambie mapema ili asije akatafuta tena kidonge cha kumrudishia chenga zake.

Kwenye muundo wa mwili wavulana na wasichana wanaachana njia hapo. Mvulana homoni ya testosteroni ikipanda misuli na mifupa vinaongezeka sana na kiwango cha mafuta kikilinganishwa na mwili mzima kinashuka, ndio unaona yule mwenzake aliyekuwa na kitambi cha kitoto sasa ana kifua na tumbo limekaza hata kama hajafanya mazoezi ya ziada. Wala hakununua popote. Mdogo wako naye hiyo homoni itakuja, ikija utaona misuli inashika, na kabla haijaja unaweza kumshindilia chakula na vyuma mpaka uchoke, nguvu ataongeza kidogo ila kifua cha mwanaume hakitatokea. Kwa hiyo kumwambia mtoto ambaye hajabalehe akaongeze mwili ndio arudi ni kumpa kazi ambayo haiwezekani, na mtoto akipewa kazi isiyowezekana na mtu anayemheshimu atatafuta njia ya mkato. Ndio hiyo umeikuta mfukoni.

Ongezea na mwezi aliozaliwa. Mashindano mengi ya vijana yanahesabu umri kuanzia Januari mosi, sasa yeye wa mwezi wa 11 anashindana na mtoto wa Januari wa mwaka huo huo, karibu mwaka mzima tofauti, kwenye umri ambao mwaka mmoja ni sentimita 9. Ukifungua orodha za timu nyingi za vijana Ulaya utakuta waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka wamejaa na wa mwisho wa mwaka wachache, na sio kwamba watoto wa Novemba hawana kipaji.

Najua mtaani watasema hao wenye vindevu wamedanganya umri. Wapo wanaodanganya, tusijifanye hatujui, ndio maana tangu 2009 FIFA wanapima ukomavu wa mifupa ya kifundo cha mkono kwa picha za MRI kwenye kombe la dunia la chini ya miaka 17. Ila usimshtaki mtoto wa mwenzio kwa ndevu tu, kuna watoto wanabalehe mapema kihalali kabisa, na hao nao nawaonea huruma maana makocha wanawatumia kama matrekta, kazi yao kubutua na kukimbia, hawafundishwi kutuliza mpira wala kufikiri, alafu wenzao wakishawafikia kimwili kwenye 17 au 18 wao hawana kitu kingine cha kuonyesha.

Sasa wa kwako amechelewa tu au kuna tatizo? Maneno ya baba yenu yana uzito kuliko mnavyoyachukulia. Kuchelewa kubalehe kunakwenda sana kwa ukoo, baba aliyerefuka amemaliza shule mara nyingi anapata mtoto wa hivyo hivyo, na mwisho wa siku anafika urefu wake. Kuna hesabu madaktari wanatumia, unachukua urefu wa baba unajumlisha wa mama, kwa mvulana unaongeza 13, alafu unagawa kwa mbili. Tuseme baba ana 173 na mama 160, jumla na hiyo 13 ni 346, nusu yake 173, na unaacha nafasi ya kama sentimita 8 au 9 juu na chini. Mpigie baba ampime mama na yeye mwenyewe apimwe, ukutani tu. Kwa msichana badala ya kuongeza 13 unatoa 13.

Alafu na wewe hapo nyumbani chagua ukuta. Asubuhi, bila viatu, visigino na mgongo vimegusa ukuta, macho mbele, weka kitabu kigumu juu ya kichwa kilale sawa, piga mstari wa penseli uandike na tarehe. Rudia kila baada ya miezi mitatu, asubuhi vile vile maana jioni mtu anakuwa mfupi kidogo. Akiongeza sentimita 1 hivi kwa miezi mitatu bado hajapaa. Ukiona 2 na kuendelea, ndio imeanza, na hapo mazoezi mazito yapunguzwe kidogo kwa sababu ni kipindi cha kuumia.

Ila huko hospitali kesho kuna mambo mengine matatu uyaombe maana sitaki tuseme ni ukoo kumbe ni ugonjwa. La kwanza, kwa mvulana dalili ya mwanzo kabisa ya kubalehe ni korodani kuanza kukua, inatangulia kabla ya nywele, kabla ya kurefuka na kabla ya sauti. Akishapita miaka 14 na hakuna hata hilo, inabidi daktari wa watoto amwangalie. Wewe dada huwezi kumuuliza hayo na yeye hawezi kukujibu, mwachie daktari wa kiume chumbani, wewe kaa nje. Mwanza mna hospitali ya Bugando, madaktari wa watoto wapo. La pili, kichocho. Mtoto wa Ukerewe aliyekulia ziwani akiogelea, kichocho cha tumbo kinaweza kukaa mwilini miaka kimya kimya, kinapunguza damu na kinadumaza, na dawa yake, prazikwanteli, ipo. Apimwe choo, na minyoo humo humo. La tatu apimwe wingi wa damu na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kama hajawahi kupimwa, maana kanda ya ziwa selimundu ni nyingi na yenyewe pia inachelewesha kukua. Wakikuta kitu kinatibika, wasipokuta utalala vizuri.

Kuna mtu atakwambia Messi naye alichomwa homoni kwa hiyo na huyu achomwe. Messi alikutwa na upungufu wa homoni ya kukua akiwa mtoto, akapimwa na kutibiwa na madaktari, na pamoja na hayo yote amefika mita 1.70 tu. Mtoto aliyechelewa kwa asili hiyo sindano sio yake.

Chakula sasa, na hapa wewe ndio fundi. Mtoto wa miaka 14 anayetembea kwenda shule na kufanya mazoezi anaunguza sana, na wengi wanatoka asubuhi na chai kavu na maandazi mawili mpaka saa nane, jioni wanaingia uwanjani tumbo wazi. Hapo mwili unatumia kinachotakiwa kujenga. Kwa kilo zake, protini gramu 60 hivi kwa siku inamtosha sana na wala hahitaji kopo la unga la bei mbaya. Mayai mawili ni kama 12, glasi ya maziwa au mtindi 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, kipande cha kawaida cha sato 25 mpaka 26, tayari umefika. Siku hakuna sato weka dagaa, tena dagaa wale na mifupa yao ndio kalisiamu yenyewe, umri huu wanahitaji kama miligramu 1300 kwa siku kwa sababu mifupa ndio inajengwa sasa. Ugali, wali, viazi vitamu, ndizi, usimpunguzie hata kidogo, hiyo ndio petroli yake. Asubuhi mpe uji wenye karanga na maziwa kabla hajatoka, mfungie kitu cha kula saa moja na nusu mpaka mbili kabla ya mazoezi hata ndizi na mkate, na akirudi asikae mpaka usiku mkubwa, ale. Chai msinywe na chakula, inazuia madini ya chuma, bora chungwa au maji ya limao. Chipsi sio adui ila isiwe ndio mlo.

Na usingizi mwanangu. Homoni ya kukua inatoka kwa wingi usiku mtu akiwa kwenye usingizi mzito, umri wake wanahitaji masaa 8 mpaka 10. Mtoto aliye nyuma ya nyumba saa nne usiku ananyanyua zege, alafu yuko na simu mpaka saa saba, saa kumi na moja ameamka shule, huyo anajiibia mwenyewe.

Hayo makopo sio kwamba yatamzuia kurefuka, ule ni uzushi wa siku nyingi, mazoezi ya nguvu kwa watoto yakisimamiwa vizuri ni salama na yanasaidia. Tatizo lake ni peke yake, gizani, uzito usiojulikana, mgongo umepinda. Ayaweke pembeni kwa sasa. Afanye ya uzito wa mwili wake, kuchuchumaa na kuinuka, kuruka na kutua magoti yamekunjwa kidogo na yakielekea sawa na vidole vya miguu, pushapu, kulala kwa viwiko mwili umenyooka, kusimama mguu mmoja. FIFA wana programu ya kupasha mwili inaitwa 11+, ni ya bure, dakika 20 hivi, imetengenezwa kwa wachezaji wa kuanzia miaka 14, ina hayo yote na imeonekana kupunguza majeraha. Mwonyeshe kocha wenu, timu nzima ifanye.

Kuhusu huyo kocha, nenda kaongee naye, usiende na hasira na usimwache baba wa Ukerewe apige simu kwa ukali. Mwambie kocha shikamoo, mtoto wangu hajabalehe, daktari amesema hivi, naomba apate dakika za kucheza na wenzake wa mwili wake. Sio kitu cha ajabu unaomba. Uingereza akademi za Ligi Kuu wameshafanya mashindano ambayo watoto wanapangwa kwa ukomavu wa mwili badala ya mwaka wa kuzaliwa, na Ubelgiji shirikisho lao liliunda timu za taifa za vijana maalum kwa ajili ya waliochelewa kukua, wakaziita Futures, kwa sababu waligundua wanatupa vipaji. Kwa mtaani kwetu haihitaji hela, wiki hii acheze na wadogo wake kidogo ili ashike mpira na aongoze wengine, wiki ijayo arudi na majitu ajifunze kuachia pasi haraka kabla hajaguswa, na mazoezini wacheze watano kwa watano uwanja mdogo ambao akili inahesabika zaidi. Mtoto mdogo aliyelazimika kufikiri haraka kuliko wenzake, mwili ukija kumfika ni mchezaji wa kutisha. Luka Modric, Hajduk Split walimkataa akiwa mtoto wakamwona mdogo na dhaifu, 2018 akachukua Ballon d'Or. Antoine Griezmann klabu za kwao Ufaransa zilimpitia moja baada ya nyingine zikilalamikia umbo lake, akiwa na 14 akavuka Hispania kwa Real Sociedad, 2018 akabeba kombe la dunia na Ufaransa hao hao.

Sikuahidi kwamba wako atakuwa Modric. Ninachotaka ni kwamba asiache mpira kwa miezi hii ambayo mwili wake haujafika, na kama kocha atakataa kabisa kumpa hata dakika, mtafutie timu nyingine ndogo ya mtaa anakocheza kila wiki, benchi la kituo kikubwa halimfundishi kitu. Na mwambie kocha habari ya vidonge, kwa upole lakini mwambie, maana kama wengi pale wanameza kuna watoto wa watu wengine wako hatarini na wazazi wao hawajui.

Huyo rafiki mwenye goti, muulize kama maumivu yako pale kwenye kinundu chini ya kofia ya goti na yanazidi akiruka au kupiga mpira. Kama ndivyo, inawezekana ni pale ambapo msuli wa paja unavuta mfupa ambao bado haujakomaa, ni kawaida sana kwa wanaorefuka kwa kasi, na wadogo zaidi inawakamata kisigino. Inapona, ila kwa kupunguziwa mechi na kuruka kwa muda, sio kwa kupangwa kila siku na kufungwa bandeji. Kama goti limevimba, linamwamsha usiku au anachechemea, aende hospitali.

Tumalizie na binti, na hapa nakuomba uwe mkali kuliko kwa kaka yake. Kilichomtokea ni afya. Msichana akibalehe homoni ya estrojeni inapanua nyonga na inaongeza mafuta mapajani, kifuani, nyongani, mwili unayahitaji hayo mafuta kwa hedhi na kwa uzazi wa baadaye, robo ya mwili kuwa mafuta kwa msichana mkubwa ni jambo la kawaida kabisa, na hata wachezaji wa kulipwa wa kike wana mafuta zaidi ya wanaume. Kasi yake imeyumba kwa sababu uzito umeongezeka na nyonga zimebadilika na nguvu bado haijafika, ataizoea. Akiacha kula usiku huku anakimbia kila siku, mwili utaanza kufunga mambo usiyoyaona, hedhi inakatika, mifupa inakuwa dhaifu wakati ndio umri wa kuijenga, anavunjika vunjika mguu, anachoka, na kasi yenyewe anayoitafuta haiji. Ila usishtuke hedhi ikiruka ruka mwaka huu wa kwanza, hiyo ni kawaida, cha kuangalia ni ikija vizuri alafu ikapotea miezi mitatu.

Yeye anatakiwa ale kuliko zamani, na madini ya chuma zaidi kuliko kaka yake kwa sababu ya damu anayopoteza, kwa hiyo maini, dagaa, maharage, matembele, na chungwa pembeni. Mnunulie sidiria ya michezo inayobana vizuri, wengi wanaanza kukimbia vibaya au kuacha mpira kwa aibu ya kifua na hakuna anayewauliza. Na yale mazoezi ya kutua na kusimama mguu mmoja ayafanye, maana baada ya kubalehe wasichana wanachanika kano za ndani ya goti, zile kamba zinazoshika mifupa, mara nyingi zaidi kuliko wavulana. Huyo aliyemwambia aache kula usiku, uende umkute shuleni umwambie uso kwa uso asirudie kumpangia mtoto wenu chakula.

Na sahani, kuanzia leo pakua mbili sawa sawa wakae mezani na wewe mpaka wamalize, asimwachie mwenzake. Kesho mkienda hospitali nenda nao wote wawili, huyo binti naye apimwe damu na kichocho. Ukipata majibu niandikie, nitaje pia vidonge daktari amesema ni nini.